Makao ya watoto yanataka tutie sahihi na kukabidhi watoto wa marehemu dada: tufanyeje?

"Dada yangu alifariki mwezi wa tatu akaacha watoto watatu: msichana wa miaka 10, mvulana wa miaka 6, na mdogo ambaye ndiyo anaingia mwaka mmoja na nusu. Wako kwa mama yetu huko Butere. Mama ana presha, magoti yanamsumbua, na shamba ni robo ekari. Mimi niko Nakuru, nauza mitumba Kaptembwa. Ninaishi chumba kimoja na watoto wangu wawili. Baba ya hao wadogo wawili anafanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha. Tangu mazishi ametuma pesa mara mbili halafu akanyamaza. Baba ya msichana hatujui aliko.

Sasa kuna mtu mwenye makao ya watoto karibu na Kisumu, aliletwa na jirani wa kanisani. Anasema atawachukua wote watatu, shule bure, chakula, matibabu, na kwamba ana wafadhili kutoka Marekani. Alipokuja aliwapiga picha mbele ya jikoni kwa mama, akawaambia kwanza wavae nguo za shambani. Ameacha fomu mama aweke kidole gumba. Imeandikwa kwamba familia inakabidhi watoto mpaka wafikishe miaka 18 na haitawadai tena. Naibu wa chifu amesema haoni ubaya. Makao ni mapya, anasema cheti kiko njiani. Atarudi Jumamosi. Mama analia, anasema akikataa atakuwa amewanyima wajukuu bahati yao.

Je, fomu hii ni halali? Tukikubali, tutaruhusiwa kuwaona? Na tukikataa, serikali inaweza kuwachukua kwa sababu hatuna uwezo?"

Dada yangu, poleni sana kwa msiba. Nitaanza na Jumamosi kwa sababu haiko mbali: mama asiweke kidole kwenye fomu hiyo. Simjui huyo mtu na simhukumu moyo wake. Ninalojua ni kwamba hakuna mtoto anayeingia makao ya watoto nchini Kenya kihalali kwa njia hiyo, na kwamba karatasi aliyowaachia inadai kitu ambacho mama yenu hana uwezo wa kukitoa, wala yeye hana uwezo wa kukipokea.

Lakini naona hofu kubwa zaidi iko kwenye swali lako la mwisho, kwa hiyo niliondoe hilo kwanza. Hapana, serikali haizunguki vijijini kuchukua wajukuu kwa sababu nyanya yao ni maskini. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwenye familia, bali uwe ishara kwamba familia hiyo inahitaji msaada. Kenya ilitoa miongozo yake kwa msingi huohuo mwaka 2014, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikafuata njia hiyo. Wewe unaishi chumba kimoja na shamba la mama ni robo ekari, lakini hakuna hakimu atakayewanyang'anya watoto kwa hayo. Angewauliza maswali mengine kabisa: je, wanapigwa? Wameachwa peke yao? Yuko anayewalisha na kuwapeleka kliniki? Wanaenda shule? Kwa ulivyoandika, mama yenu anafanya yote hayo akiwa na magoti mabovu. Hayo ndiyo malezi yenyewe, na sheria inayaheshimu.

Sasa fomu. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi wake, na kinasema baba na mama wanabeba wajibu sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Mama wa watoto hawa amefariki. Baba wa wawili kati yao yuko hai Naivasha. Wajibu wake haujaisha kwa kuwa amenyamaza. Nyanya hawezi kuusaini kwa niaba yake, na hata yeye mwenyewe hawezi kuuvua kwa kuweka sahihi kwenye karatasi ya mtu binafsi. Kinachoweza kumhamisha mtoto moja kwa moja kutoka familia moja hadi nyingine ni uasili, na huo una shirika lililosajiliwa, ripoti, na mwisho wake ni mahakamani. Maneno "haitawadai" hayana nguvu yoyote ya kisheria. Nguvu yake ni ya kutisha tu: familia ikishaweka kidole huamini imeshapoteza haki, na huona aibu kwenda kuuliza. Nimekutana na familia nyingi Nyanza na Magharibi zilizokaa miaka bila kuwatembelea watoto wao kwa sababu ya karatasi kama hiyo, na karatasi yenyewe haikuwa na uzito wowote.

Naibu wa chifu hana mamlaka ya kuruhusu jambo hili. Chifu na naibu wake wana kazi muhimu: kuthibitisha kwamba mnajulikana, kuandika barua ya utambulisho, kuwaelekeza kwa afisa wa watoto. Kumkabidhi mtoto kwa makao si kazi yao. Mwendee kwa heshima, mwambie mnapeleka jambo hili kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo ya Butere, na umwombe barua. Mara nyingi hukubali haraka, kwa sababu naye hataki jina lake liwe kwenye jambo litakaloleta matatizo baadaye.

Njia halali iko hivi. Mtu anaripoti kwa afisa wa watoto kwamba kuna mtoto anayehitaji ulinzi. Afisa, au mfanyakazi wa jamii aliye chini yake, anakuja nyumbani, anaangalia, anazungumza na watoto wenyewe, anawatafuta ndugu wa pande zote mbili. Anaandika ripoti. Familia ikiweza kusaidiwa kubaki na watoto, mambo yanaishia hapo na msaada unatafutwa. Ikishindikana, ndipo anatazama ndugu wengine, kisha familia nyingine iliyothibitishwa, na makao huja mwisho kabisa. Kama ni lazima mtoto aende makao, jambo hilo hufika Mahakama ya Watoto, na amri inayotoka hutaja makao gani na kwa muda gani. Mtoto anakuwa na faili lake na mpango wake wa malezi, unaoeleza lini na kwa njia gani atarudi kwenye familia. Usiku wa dharura, kwa mfano mtoto amekimbia kipigo, polisi au afisa anaweza kumpeleka mahali salama kwanza na mahakama ikafuata. Lakini kwenu hakuna dharura ya namna hiyo. Kuna msiba, kuna upungufu, na kuna mtu mwenye haraka.

Ona tofauti iliyopo: amri ya mahakama ina mwanzo na mwisho na lazima ipitiwe upya, lakini fomu mliyoachiwa inasema mpaka miaka 18. Mwenye makao anayepanga tangu siku ya kwanza kukaa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mpaka awe mtu mzima hana mpango wowote wa kumrudisha kwao.

Na hilo la cheti kilicho njiani ni zito kuliko ulivyodhani. Mwezi Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto ndilo linalosajili makao haya, na mwelekeo wa nchi tangu wakati huo ni kuyapunguza. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi, wa 2022 hadi 2032, unalenga kuimarisha familia, kupanua malezi ya kifamilia kwa watoto wasio na wazazi, na kuwarudisha nyumbani walioko kwenye makao. Kisumu yenyewe ni miongoni mwa kaunti ambako kazi hiyo ilianza mapema. Kwa hiyo mtu anayekwambia kwamba amefungua makao mapya karibu na Kisumu na anangoja cheti, anakwambia kwamba hana cheti. Bila cheti hapaswi kuwa na mtoto hata mmoja.

Huenda mama atauliza kwa nini sheria ibane hivi, wakati huko kuna kitanda, uji wa maziwa na shule. Nataka umweleze taratibu, kwa sababu hili ndilo linalomliza.

Mtoto wa umri wa yule mdogo anajifunza kitu kimoja kikubwa kuliko vyote: kwamba nikilia, mtu fulani, huyuhuyu, atakuja. Anaijua harufu yake, sauti yake, jinsi anavyombeba. Juu ya uhakika huo ndipo anajenga usingizi, lugha, hata uwezo wa kutulia akikasirika. Katika makao, hata yale mazuri, wahudumu huja kwa zamu. Anayemwogesha asubuhi siye anayemlaza usiku, na mwaka ukiisha wengine wameacha kazi. Mhudumu mmoja ana watoto wengi wachanga, kwa hiyo wanalishwa kwa foleni na kulazwa kwa saa, na anayelia nje ya saa hujifunza kunyamaza. Watu husifu makao ambayo vichanga hawalii. Mimi nikiingia chumba cha vichanga kilicho kimya saa nne asubuhi, hapo ndipo ninapoanza kuuliza maswali.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hulipenda sana. Unaingia getini, mtoto wa miaka miwili au mitatu ambaye hajawahi kukuona anakimbia, anakushika mguu, anataka ubebe, anakuita mama. Wageni hutokwa na machozi, wanasema ona jinsi watoto hawa walivyo na furaha. Mtoto wa kijijini kwenu angefanya nini? Angejificha nyuma ya leso ya nyanya yake, achungulie kwanza. Huko kujificha ni afya: anajua nani ni wake na nani ni mgeni. Yule anayemkumbatia kila anayeingia hana wake. Na mtoto asiyetofautisha mgeni na mtu wake ni rahisi sana kudhuriwa.

Hili limechunguzwa kwa makini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Bucharest, Romania, watafiti walifuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye makao ya serikali. Kwa kura, nusu walipelekwa kwa familia za kuwalea na nusu wakabaki kwenye utaratibu wa kawaida. Waliolelewa katika familia walipata nafuu kwenye akili, lugha na uwezo wa kujenga uhusiano na mlezi, na waliohamishwa kabla ya kufikisha takriban miaka miwili walipona vizuri zaidi. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa inasisitiza mtoto wa chini ya miaka mitatu alelewe ndani ya familia. Kati ya watoto wenu watatu, huyo mdogo ndiye ambaye makao yangemgharimu zaidi, ingawa ndiye anayeonekana mzigo mkubwa zaidi kwa nyanya.

Kwa wakubwa, gharama huja baadaye. Mvulana wa miaka 6 akiondoka Butere sasa na kurudi akiwa na miaka 18, atarudi akiwa mgeni. Hatajua lugha ya nyumbani vizuri. Binamu zake hawatamjua. Likija suala la shamba, nani atasimama aseme huyu ni wetu? Akitaka kuoa, wazee gani wataenda naye? Wewe umekulia huko, unajua mambo haya hayaandikwi popote. Mtu huyapata kwa kuwa pale: kwenye matanga, kwenye kuchuma mboga, kwenye kutumwa kwa mjomba kila Desemba. Vijana waliotoka makao wananiambia njaa waliizoea. Kinachowachoma ni fomu inayouliza jina la ndugu wa karibu na nafasi ya kuandika imebaki wazi.

Sisemi makao yote ni mabaya. Mengi yalifunguliwa wakati Ukimwi ulipokuwa ukiwamaliza wazazi huku kwetu, na waliofungua walikuwa na uchungu wa kweli. Wapo watoto ambao nyumbani ndiko hatari iliko, na wengine ndugu zao hawajapatikana. Wapo waliookolewa mikononi mwa wasafirishaji haramu wa watu. Hao wanahitaji mahali pa kulala leo, na makao mazuri yaliyosajiliwa huwapa hapo mahali huku kazi ya kutafuta familia ikiendelea. Lakini watoto wengi walioko makao hapa Kenya wana mzazi aliye hai au ndugu wanaojulikana. Waliondoka nyumbani kwa sababu ya karo, sare na chakula, vitu ambavyo vingeweza kupelekwa nyumbani kwao.

Na kwa kuwa mmetajiwa wafadhili wa Marekani, ni vizuri mjue wenzetu wa huko wanafanya nini na watoto wao. Mwaka 2018 walipitisha sheria iliyobana fedha za serikali kuu kwa makao ya pamoja. Kwa kawaida malipo hayo hukoma baada ya wiki mbili, isipokuwa makao ni ya aina maalumu, kama kituo cha matibabu chenye wataalamu. Hata huko, mtoto lazima apimwe ndani ya siku 30 kuona kama kweli anahitaji kuwa hapo na si katika familia, na hakimu aidhinishe ndani ya siku 60. Yaani mtoto wa Marekani aliyefiwa na mama, mwenye nyanya, shangazi na baba aliye hai, hawezi kuwekwa kwenye makao mpaka miaka 18 kwa fomu ya kidole gumba. Sioni kwa nini wa Butere astahili kidogo kuliko huyo.

Basi mfanye nini? Mmoja ambaye hamjamhesabu ni baba aliye Naivasha. Mtu anayefanya kazi kwenye maua ana mwajiri na ana payslip, na hilo linakusaidia sana. Wewe uko Nakuru, kaunti ileile. Nenda kwa afisa wa watoto Naivasha, au uanzie Nakuru mjini wakuelekeze, ueleze kwamba unataka matunzo ya watoto wawili. Afisa ataandika barua ya kumwita. Wengi hufika, na mara nyingi mazungumzo hayo huzaa makubaliano ya maandishi: kiasi gani, tarehe ngapi, kwa namba gani. Akikataa, kesi inaenda Mahakama ya Watoto, ambayo inaweza kuamuru atoe matunzo na hata kuagiza mwajiri akate kwenye mshahara. Zile jumbe za M-Pesa za mara mbili alizotuma baada ya mazishi, usizifute. Zinaonyesha aliwakubali watoto. Kama jina lake liko kwenye vyeti vya kuzaliwa, vizuri zaidi. Akikana, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha DNA. Usiende kwake peke yako kugombana getini. Na usimwone kama adui: wanaume wengine hunyamaza kwa sababu wanadhani upande wa mama umeshawachukua watoto na hautaki kuwaona.

Serikali ina mpango wa fedha kwa kaya zinazolea yatima na watoto walio hatarini, chini ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Nitakuwa mkweli: uandikishaji hauko wazi kila siku, na malipo huchelewa. Lakini asiyekuwa kwenye orodha hafikiriwi kabisa, kwa hiyo mama ajiandikishe kupitia kwa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii wakati nafasi itakapofunguliwa. Elimu ya msingi kwenye shule za umma imekuwa bila karo tangu 2003. Kinachobaki ni sare, vitabu na pesa za chakula, na mwalimu mkuu anayejua watoto wamefiwa mara nyingi hukubali kungoja. Mfikieni kabla hajamrudisha mtoto nyumbani.

Halafu itisheni kikao cha familia, na mwalike pia upande wa akina baba. Msikae kulaumiana, kaeni kugawana. Nani atatuma nini kila mwezi, hata kama ni unga tu. Nani ataenda kliniki na mdogo mama akizidiwa. Nani atawachukua wakati wa likizo ili nyanya apumzike. Andikeni. Ikibidi mmoja wa watoto aje kwako Nakuru, sheria inataka ndugu wasitenganishwe bila sababu nzito, na mimi pia nasema hivyo kwa niliyoyaona: baada ya kumpoteza mama, hao watatu ndio waliobaki wenyewe kwa wenyewe. Kama hakuna namna, basi iwe kwa ndugu wa damu, wapigiane simu kila wiki, wakutane kila likizo. Msichana wa miaka 10 asikilizwe kabla hamjaamua. Sheria inampa haki hiyo na ana umri wa kueleza anachotaka. Mwangalie sana huyo. Katika nyumba kama hizi, mkubwa wa kike hugeuzwa mama: anabeba mdogo, anachota maji, anachelewa shule, mwisho anaacha. Kama jirani anaweza kulipwa kidogo kumshika mdogo asubuhi, hiyo ndiyo pesa ya kwanza ya kutafuta.

Sheria ya 2022 inayatambua malezi ya ndugu na jamaa, kwa hiyo mwombe afisa ayaandikishe rasmi. Mtahitaji mtu mwenye haki ya kusaini hospitalini na shuleni, na mahakama inaweza kumteua mlezi wa kisheria. Ningependekeza mzungumze kama iwe mama au wewe, kwa kuzingatia afya yake.

Ikitokea kweli kwamba familia nzima imeshindwa, bado kuna hatua kabla ya makao: familia nyingine inayochunguzwa na kusimamiwa na afisa, ikawalea kwa muda. Familia hizo bado ni chache huku kwetu, lakini zipo, na afisa ndiye anayezijua. Msijitafutie wenyewe kupitia kwa jirani.

Umeuliza kama mtaruhusiwa kuwaona. Mtoto aliyewekwa makao kwa njia halali hapotezi familia yake: kutembelewa, kupigiwa simu na kwenda nyumbani ni sehemu ya mpango wa kumrudisha. Makao yanayosema msije kwa miezi sita ili watoto wazoee, au yanayotaka ruhusa ya mfadhili kwanza, yaripotiwe. Na kama ingefika huko siku moja, yawe yamesajiliwa, yawe karibu na Butere kiasi cha nauli mnayoweza kumudu, na muwe na nakala ya amri mkononi. Nenda uyaone bila kutoa taarifa. Omba kuona wanapolala, choo, daftari la wageni. Uliza watoto wangapi walirudi kwao mwaka jana. Wanaofanya kazi vizuri hujibu swali hilo kwa haraka na kwa fahari.

Kuhusu picha, limenikera sana. Kumwambia mtoto aliyefiwa avae nguo za shambani ili apigwe picha ni kumvunjia heshima, na picha hizo huenda tayari zimetumwa kwa watu wa kuchangisha pesa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Mtakeni azifute, na mumwambie afisa kuhusu picha hizo.

Usingoje Jumamosi. Mtu mmoja wa familia aende na mama ofisi ya afisa wa watoto Butere siku yoyote ya kazi kabla ya hapo. Bebeni kitambulisho cha mama, cheti cha kifo cha dada au kibali cha mazishi, vyeti vya kuzaliwa au vitabu vya kliniki, barua ya chifu, na ile fomu yenyewe. Msiichane, ni ushahidi. Huduma ya afisa hailipiwi. Huyo mtu akija na gari kabla hamjafika ofisini, au akilazimisha, au mkisikia amewachukua watoto shuleni, pigeni 116. Ni namba ya watoto, haina malipo, inapokelewa usiku na mchana. Kama kwenye pilikapilika hizi mtagundua kuna mtoto anayepigwa au kuguswa vibaya na mtu yeyote, hata ndugu, hilo halingoji kikao cha familia: ni hospitali, polisi na 116 siku hiyohiyo.

Akifika Jumamosi, mkaribisheni chai kama mgeni mwingine. Mwambieni jambo liko kwa afisa wa watoto na mazungumzo yote yatafanyika huko. Kisha mwambieni kwamba kama yeye na wafadhili wake wanataka kuwasaidia watoto hawa, kuna sare mbili za kununua, kuna unga, kuna dawa za presha za nyanya, na mnaweza kupokea msaada huo hapohapo Butere kwa ufahamu wa afisa. Anayewatakia watoto mema hatakuwa na neno la kupinga. Akisema msaada uko kwenye makao tu, mmeshapata jibu lenu, na jibu hilo pia lifikisheni kwa afisa, pamoja na jina lake na namba ya gari lake.

Mkiwa pale ofisini, msitoke bila namba ya faili na jina la afisa aliyewahudumia. Andika vyote nyuma ya kitabu cha kliniki cha mdogo, ili hata wewe ukiwa Nakuru uweze kupiga simu na kuuliza kesi imefika wapi.